Bosi Anataka Majani Meupe

Jirani, kazi ya kupiga picha imeshakufa. Kilichobaki ni kuizika, na sanda ya kuizikia sina. Zamani mtu akitaka picha anakuja studio, anachana nywele kwenye kile kioo changu chenye ufa, anakaa kwenye stuli, namwambia kidevu juu, macho huku, usicheke, pwaa! Kesho anakuja kuchukua. Leo kila mtoto wa darasa la nne Mbagala nzima ana simu inayoishinda kamera yangu. Paspoti saizi wanajipigia ukutani. Harusi wanampa shemeji apige. Mimi nimeachiwa wazee wa mirathi na watu wa fomu za benki, na hao nao wanataka walipe mwisho wa mwezi.

Na wale wachache wanaokuja hawataki kitu kilivyo. Mmoja anataka awe mweupe. Mwingine anataka tumbo lipungue. Mama mmoja alileta picha ya marehemu mumewe, anataka nimfungue mdomo acheke kidogo, maana enzi za uhai wake hakuwahi kumwona akicheka. Nikamchekesha. Akailipia nusu, eti mbona kicheko sicho.

Kwa hiyo bosi mmoja mwenye gesti kule Bagamoyo aliponipigia simu, sikuuliza maswali mengi. Anataka picha za magofu ya Kaole, kubwa, za kutundika ukumbini. Nikasema sawa bosi. "Lakini majani yawe meupe." Sawa bosi. "Na mbingu iwe nyeusi." Sawa bosi. "Zile za infraredi, mgeni mmoja Mjerumani kanionyesha kwenye simu." Nikamwambia bosi hapo umefika, infraredi ndiyo mimi. Nikakata simu, nikakaa chini.

Infraredi ndiyo nini?

Mimi naijua ya rimoti ya tivii. Na ile bastola ya kupimia homa waliyokuwa wakituelekezea kwenye paji la uso kipindi cha korona. Sasa rimoti na makaburi ya Kaole vinahusiana nini?

Pale sebuleni kwangu analala mpwa wangu. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Analala kwenye kochi langu, anakula ugali wangu, anatumia bando langu, halafu akiniona na kamera anatikisa kichwa. Nikamwendea kwa unyenyekevu. Nikamnunulia na soda kabisa.

"Anko," akaanza, na akianza hivyo ujue soda itaisha mada haijaisha. Akaniambia mwaka 1800 kulikuwa na bwana anaitwa William Herschel, kule Uingereza. Alipitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo cha pembe tatu, zikatoka rangi za upinde wa mvua. Akawa anaweka temometa kwenye kila rangi apime joto. Alipoiweka pembeni ya nyekundu, pale ambapo jicho halioni kitu, joto likawa kubwa zaidi. Yaani kuna mwanga unapita pale na hatuuoni. Nikamwuliza, mtu mzima anapima joto la rangi, hakuwa na kazi nyingine? Mpwa akasema ndiyo ilikuwa kazi yake, Anko, na yule alikuwa ameshagundua sayari nzima. Nikanyamaza.

Halafu mwaka 1910, Mmarekani mmoja, mwanafizikia, Robert Wood, akatoa picha zilizopigwa kwa mwanga huo. Majani yote meupe peee. Mbingu giza. Watu wakashangaa. Mpwa anasema jani ndani yake lina vijumba vidogo vidogo vyenye hewa katikati, ule mwanga ukiingia unagonga huku, unagonga kule, karibu nusu yake unatoka nje tena. Mwanga wa kijani tunaouona sisi unarudi kidogo tu. Na anga la buluu lenyewe halina infraredi ya kutosha, ndiyo maana linatoka jeusi. Mpaka jeshini waliitumia. Vita Kuu ya Pili, wanapiga picha kutoka kwenye ndege. Jani la kweli linang'aa, turubai lililopakwa rangi ya kijani linabaki jeusi. Umejificha, kumbe wanakuona.

Nikasema vizuri sana, sasa bei yake?

Hapo ndipo nilipoona mwanga usioonekana. Filimu ya infraredi maarufu ilikuwa ya Kodak, inaitwa HIE, na waliacha kuitengeneza mwaka 2007. Kamera za digitali zinaweza kuuona mwanga huo, ila kiwandani wanaweka kioo cha kuuzuia. Ukiutaka, fundi afungue kamera akitoe hicho kioo. Jirani, kamera yangu unaijua. Kifuniko cha betri nimekifunga kwa rababendi. Ukiifungua ile, vitakavyotoka ndani havirudi. Njia nyingine, unanunua kioo cheusi, kinaitwa Hoya R72, unakivika kwenye lenzi, unaweka kamera kwenye stendi, unasubiri sekunde kadhaa kwa picha moja kwa sababu mwanga unaopita ni kiduchu. Nikamwambia kioo cheusi chenyewe tunakipata wapi, tupake masizi?

"Basi Anko, tunafoji."

Mtoto ana akili huyu. Nilijua tu ile soda haitapotea bure.

Kufoji kwenyewe ni hivi. Unapiga picha yako ya kawaida, ya rangi. Unaiingiza kwenye kompyuta. Unaitoa rangi iwe ya enzi za babu, lakini kabla hujaitoa unaipa programu maelekezo: kila chenye kijani na njano kipandishe kiwe cheupe. Kila chenye buluu kizamishe kiwe cheusi. Halafu unamwagia ukungu wa kung'aa kwenye yale meupe. Nikauliza ukungu wa nini? Akasema ile filimu ya Kodak haikuwa na lile tabaka la mgongoni la kumeza mwanga, kwa hiyo mwanga ulikuwa unapenya, unarudi, unasambaa, kila kitu cheupe kinaota mng'ao pembeni. Watu wakaupenda. Kisha unaongeza chengachenga, kwa sababu filimu ilikuwa na chengachenga.

Yaani jirani, mimi miaka yote hii nahangaika kutoa ukungu na chengachenga kwenye picha za watu. Wananirudishia, wananitukana. Leo nalipwa niviweke.

Safari ikapangwa. Asubuhi naangalia kabatini, hakuna shati. Mama watoto kaloweka zote. Zote! Namwuliza, unaloweka nguo zote za mwanaume siku ana kazi? Ananiambia, baba watoto, kazi uliyonayo tangu lini? Kimebaki kitu kimoja, jezi yangu ya Yanga. Kijani kibichi, njano mabegani. Nikaivaa. Nikabeba kamera, nikabeba na stendi. Mpwa anasema stendi haina haja, tunafoji, utapiga kawaida tu. Nikamwambia kijana, mpiga picha bila stendi ni mtalii. Ile stendi mguu mmoja umepungua, inasimama kwa kuegemea, lakini inatia heshima.

Heshima yenyewe ikaishia Makumbusho. Konda wa kosta ya Bagamoyo akaiangalia, akaniangalia. "Huyu mwenye miguu mitatu naye analipa siti." Nikadhani anatania. Abiria wote wakanigeukia. Nikalipa. Stendi ikakaa dirishani inapunga upepo, mimi nikakaa upande wa jua.

Bagamoyo stendi nikadaka bodaboda. Kijana kavaa jezi nyekundu ya Simba. Kuniona tu akaanza: "Utopolo, leo umepotea?" Nikamjibu, kolo, nipeleke Kaole, acha siasa. Ni mwendo wa kilomita kama tano tu kutoka mjini, lakini kilomita tano na mtu wa Simba ni safari ya Mwanza. Anaongea kageuza shingo nyuma. Ananikumbusha mechi ambazo mimi mwenyewe nilishazisahau kwa kukusudia.

Tumefika. Na hapo, jirani, ngoja niseme kitu bila kulalamika, mara moja tu. Kaole ni pazuri. Kuna msikiti wa zamani, wanasema wa karne ya 13, ukuta wake mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na hiyo chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Yaani wamelichoma jiwe, likawa gundi ya jiwe lenzake. Paa limeshaondoka, kibla bado ipo. Makaburi yapo mengi, mengine yana nguzo imesimama juu yake. Kwenye nguzo walikuwa wanapachika mabakuli kutoka China. Nikasogea karibu niangalie. Bakuli lenyewe halipo, ila kitako chake kimeacha alama ya duara kwenye chokaa, ndani laini, ukingo umechongoka kidogo, kama ukibandua kisahani kwenye ugali uliopoa. Nikaingiza kidole. Mwongozaji akakohoa. Nikatoa kidole.

Mwongozaji yule ni mtu wa watu, mpole, kaeleza kila kitu. Kwamba hapa palikuwa mji wa bandari, majahazi yanaingia. Baadaye mikoko ikajaa, bahari ikasogea, biashara ikahamia Bagamoyo. Kwamba lipo kaburi la Sharifa ambalo watu mpaka leo wanakuja kuomba dua. Mimi namwitikia naam, naam, huku moyoni nahesabu majani. Maana kilichonileta ni majani.

Na majani yenyewe ndiyo mtihani. Mwezi wa nane, jirani! Kuna mbuyu pale, mkubwa, mzee, ukiuona unaweza kuuamkia. Bosi kaniambia hasa hasa huo mbuyu, uwe mweupe juu wote. Nafika, hauna jani hata moja. Mbuyu kiangazi unapukutisha. Umebaki mwili mtupu na vidole juu. Nikamwuliza mwongozaji, majani yanarudi lini? Akaniambia subiri mvua. Nikamwambia bosi anataka Ijumaa.

Basi nikageukia minazi na mikoko, hiyo ina kijani chake mwaka mzima. Naangalia juu, mbingu imefunga. Wingu jeupe kutoka Zanzibar mpaka Chalinze. Na mpwa alisisitiza, Anko, lazima buluu iwepo, maana nyeusi tunaitoa kwenye buluu. Sasa buluu nitaitoa wapi? Nikategesha stendi, nikaiegemeza kwenye mnazi, nikasubiri. Buluu ikawa inachungulia kwa zamu, kitundu hapa, kitundu pale. Kila kikitokea nakimbia na kamera kukielekea. Kikiniona kinajifunga.

Huku nyuma yule dereva wa boda hajaondoka. Nimemlipa, hajaondoka. Kakaa juu ya pikipiki ananitazama. Ananiona nakimbia, nasimama, nachuchumaa chini ya ukuta, naangalia juu, naangalia kwenye kimashine, nahama. Akaja taratibu. Akashusha sauti.

"Bro, imeshika?"

Nini imeshika?

"Usinifiche. Mali ya Mjerumani."

Jirani, unaijua nchi yetu. Mtu akisimama porini zaidi ya dakika tano na kitu chenye taa, anatafuta mali ya Mjerumani. Rupia. Sanduku. Zebaki. Ramani kaachiwa na babu. Na Bagamoyo ndiko Wajerumani walikoweka makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, kwa hiyo ugonjwa huu pale una mizizi. Nikamwambia kijana, mimi napiga picha za infraredi. Hilo ndilo neno ambalo sikutakiwa kulitamka. Akauliza infraredi inafanya nini? Na mimi kwa kujua kwangu nikamjibu kitaalamu: inaonyesha kile ambacho macho ya kawaida hayaoni.

Macho yakamtoka. "Nusu kwa nusu," akasema.

Nikacheka. Hakucheka. Nikamweleza kwamba hata hii siyo infraredi ya kweli, ni ya kufoji. Akasema bro, kila mtu wa mambo haya anasema hivyo hivyo. Mwongozaji akasikia, akaja kutuokoa. Akamwambia kijana wangu, Mjerumani kafika hapa juzi tu, hawa waliozikwa hapa walimtangulia karne na karne, rupia yake wangeipata wapi? Boda akafikiri. Akaniangalia. Akasema, "Basi itakuwa ya kwao wenyewe." Akachukua na namba yangu ya simu kwenye kadi ya studio. Kadi zenyewe nilizibeba nikitafuta wateja.

Sasa mpwa alikuwa ameniagiza kitu kingine: kwenye picha ya magofu lazima asimame mtu, ili mtazamaji ajue nguzo ina urefu gani. Mtu nitampata wapi? Nikampa boda kamera, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikasimama mwenyewe kando ya kaburi lenye nguzo. Nimekunja mikono, nimetazama mbali. Nikajisikia profesa. Akapiga. Kisha na yeye akataka yake, nikampiga palepale na jezi yake nyekundu. Nikarudi nyumbani kwa kosta ya jioni, stendi nimeilaza miguuni pa watu, nimetukanwa mpaka Bunju.

Usiku tukakaa mbele ya kompyuta ya mpwa. Umeme ukaondoka. Umeme ukarudi. Tukaanza. Picha ya kwanza, mikoko. Mpwa anasogeza kijiti cha kijani, majani yanapanda, yanapanda, yanakuwa meupe. Jirani, ilikuwa nzuri! Nikapiga kelele mama watoto akaja. Kisha mbingu. Anasogeza kijiti cha buluu. Vile vitundu vikawa vyeusi tii, wingu likabaki jeupe. Kwa hiyo mbingu ikatoka na mabakamabaka. Mama watoto akauliza hii mbingu ina mba?

Picha ya msikiti. Ukuta upande wa chini, unakokaa unyevu, umeota kuvumwani ya kijani. Ukisimama pale huioni sana, unaona jiwe tu. Mpwa kapandisha kijani, ukuta wote chini ukawa mweupe, safi, unang'aa. Msikiti wa karne ya 13 umepigwa lipu jana. Nikamwambia rudisha! Akasema Anko, hilo hata infraredi ya kweli ingefanya, ile nayo ni mimea, inang'aa vilevile. Hapo siyo uongo. Nikamwambia mimi sijalipwa kukarabati.

Pembeni ya ua kulikuwa na ndoo ya plastiki ya kijani, sikuiona kabisa wakati napiga. Sasa ndiyo kitu cha kwanza unachokiona. Nyeupe, ina mng'ao pande zote, utadhani imeteremshwa. Mpwa akanieleza hiyo ndiyo tofauti. Infraredi ya kweli haijali rangi, inajali kitu chenyewe kimeumbwaje. Jani ingelijua, ndoo ingeiambia kaa pembeni. Yetu inajua kitu kimoja tu: kijani. Haijui jani, haijui ndoo, haijui mlango. Ukiiambia kijani kiwe cheupe, basi kila kijani duniani kinakuwa cheupe.

Nikasema haya, tumeelewa, fungua ile yangu ya kaburini.

Akafungua. Akasogeza kijiti. Na mimi mwenyewe, kwa macho yangu, nikajiona navalishwa sanda.

Jezi, jirani. Jezi ya Yanga. Kijani imepanda, njano imepanda. Timu yote imefutika. Kuanzia shingoni mpaka kiunoni ni kitambaa cheupe kitupu, kina ule ukungu wa kung'aa. Kichwa changu kimebaki na weusi wake uleule, kimekaa juu kinatazama mbali. Nimesimama kando ya kaburi. Mbingu nyeusi nyuma yangu. Mikono nimekunja kwa utulivu wa mtu ambaye mambo ya dunia ameyamaliza. Mama watoto akarudi nyuma akashika mlango. "Nani huyo?"

Nikamwambia ni mimi. Akasema najua ni wewe, nauliza nani huyo.

Na yule wa Simba je? Nyekundu ilizama vizuri kabisa, ikawa nyeusi ya heshima, kijana katoka anapendeza, mkakamavu, hata pikipiki inaonekana. Dunia haina haki. Nikauliza kama kwenye infraredi ya kweli Simba nayo inanusurika hivi. Mpwa akasema hapana, nguo nyingi za rangi, hata nyeusi, mwanga ule unazirudisha, zinatoka zimepauka. Kwa hiyo ya kweli ingetusawazisha wote wawili. Unaona tunachokosa kwa kufoji?

Mpwa, bila kuniuliza, akaitupia ile picha kwenye grupu la ukoo. Anasema alitaka kuwachekesha. Saa nne usiku. Hakuandika maelezo yoyote. Mimi peke yangu, nimevaa nyeupe, makaburini. Kabla sijamaliza chai, shangazi wa Tanga katuma voisi, analia. Mwingine anauliza mazishi lini kwa sababu Jumamosi ana kikoba. Na yule binamu ninayemdai, ambaye sijawahi kumsikia kwenye grupu tangu nimkopeshe, ndiye wa kwanza kuandika Mungu ailaze roho yake mahali pema, akaongeza kwamba tusameheane madeni yote. Nikaandika mimi mzima. Hakuna aliyejibu. Shangazi akapiga simu kwa mama watoto kuuliza nani anatumia simu ya marehemu.

Ijumaa nikampelekea bosi kazi. Nimechapisha kubwa, nimetia fremu kwa mkopo. Mikoko kaipenda. Minazi kaipenda. Kufika kwenye msikiti akakunja uso. "Wamekarabati?" Nikamwambia hapana bosi, hiyo ni kuvumwani. "Nimekwambia magofu, unaniletea nyumba mpya." Ile yenye ndoo akaiangalia muda mrefu, akauliza kama ni chombo cha kale. Nikasema ndiyo. Uliza kilichonisukuma! Akaipenda.

Kisha akafika kwenye ile yangu. Sikutaka aione, ilijichanganya tu kwenye bahasha. Akanyamaza. Akaisogeza dirishani. Akaita mhudumu wa mapokezi aje aone. Yule dada akaona, akafanya ishara ya kujikinga. Bosi akasema, "Hii ndiyo niliyokuwa naitaka!" Hakunitambua, jirani. Nimesimama mbele yake, sura ileile, nimevaa shati. Anaiangalia picha, ananiangalia, haoni kitu. Ananiuliza mzimu huu nimeukamata saa ngapi. Na ndiyo ameitundika pale mapokezi, kubwa kuliko zote, wageni wanaambiwa ni mzee wa Kaole, hutokea mwezi wa nane. Wanapiga naye selfi. Mimi mwenyewe nikikaa studio wiki nzima hakuna anayetaka hata kuniangalia.

Tukaja kwenye malipo. Akatoa fedha, nahesabu, pungufu. Nikamwambia bosi, tulikubaliana bei ya picha kubwa za rangi. Akaninyooshea kidole ukutani. "Rangi iko wapi?" Nikatazama. Nyeupe, nyeusi, kijivu. "Picha haina rangi, bei ya rangi ya nini?" Nikamweleza kwamba rangi ilikuwepo, nimeipiga, nimeilipia nauli pamoja na stendi, halafu nikakesha naitoa. Kazi mara mbili! Akasema hakunituma niitoe. Nikasema si ulisema majani yawe meupe? Akajibu nyeupe siyo rangi?

Nilichopata kimeishia kwa mtu wa fremu. Kilichobaki ni nauli ya kurudi, ya watu wawili, maana konda bado anaihesabu ile stendi.

Na sasa yule boda anapiga simu. Usiku, alfajiri, anapiga. Kapeleka mteja gestini kwa bosi, kaziona picha ukutani. Kaona ukuta unang'aa upande wa chini. Kaona ndoo inang'aa. Anasema bro, nilijua tu imeshika. Nikamwambia ile ni kuvumwani na ndoo ya plastiki. Akacheka sana. Akasema kasikia bosi amenilipa mzigo mzima mbele ya mhudumu, na makubaliano yetu ya pale makaburini mwongozaji ni shahidi: nusu kwa nusu. Kesho anakuja Mbagala, kadi anayo, ramani imechorwa nyuma.

Kwa hiyo jirani, akipita hapa kijana wa boda kavaa nyekundu anaulizia studio, mwambie nimefariki. Picha ya ushahidi ipo kwenye grupu la ukoo.